Jinsi ya kujenga hazina ya kidijitali ya chuo kwa DSpace

Mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu kwa miaka miwili, pengine mitatu. Huitetea mchana mmoja, huisahihisha, huipeleka kujaladiwa, kisha nakala moja huingia maktaba na kukaa kwenye rafu ya vitabu visivyoazimwa. Mtafiti aliyeko Kigoma au Garissa anayehangaika na suala hilohilo hatajua kwamba kazi hiyo ipo. Hazina ya kidijitali ya chuo ndiyo inayomfikishia, na programu za kuijenga zipo, ni huria na hazilipiwi leseni.

Mwongozo huu nimewaandikia watu wawili ambao mara nyingi hukabidhiwa kazi hii pamoja: mkutubi na fundi wa TEHAMA. Niseme mapema msimamo wangu. Kusakinisha programu ni sehemu ndogo ya kazi, hata kama ndiyo inayotisha zaidi. Kinachoamua kama hazina itakuwa na maana miaka kumi ijayo ni anwani zisizobadilika, metadata (taarifa zinazoielezea kila kazi) iliyoandikwa kwa uangalifu, na chelezo (nakala ya akiba) inayorejesheka. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza, sera iliyopitishwa

Msiguse seva kabla ya kuwa na karatasi iliyopitishwa na Seneti ya chuo, au chombo chochote kinachofanana nayo kwenu. Kurasa mbili zinatosha. Ziseme ni kazi gani zinaingia (tasnifu, makala za wahadhiri, ripoti za utafiti, hotuba za uprofesa), nani anawajibika kuziwasilisha, na wakati gani. Sera iliyo bora niliyopata kuiona inafunga jambo hili kwenye mahafali: mwanafunzi hapewi fomu ya kumaliza masomo mpaka maktaba ithibitishe kwamba imepokea nakala ya kidijitali pamoja na ruhusa yake iliyotiwa saini. Bila kifungu cha namna hiyo, mkutubi atabaki kubisha milango ya ofisi za wahadhiri akiomba faili kwa hisani.

Ruhusa yenyewe isiwe ya kunyang'anya. Mwandishi abaki na hakimiliki yake. Chuo kipewe idhini ya kuhifadhi na kusambaza bila kuwa mmiliki. DSpace, programu ya hazina nitakayoipendekeza hapa chini, ina sehemu ya leseni ambayo mwasilishaji lazima aikubali kabla rekodi haijapita, na mnaweza kuandika maneno yake kwa Kiswahili. Juu ya hapo mwandishi anaweza kuchagua leseni ya Creative Commons ili msomaji ajue anaruhusiwa kufanya nini.

Makala zilizokwisha kuchapishwa kwenye majarida zina sharti lake. Majarida mengi hayaruhusu PDF yenye nembo ya mchapishaji iwekwe kwenye hazina, lakini huruhusu muswada uliokubaliwa, yaani ule uliokwisha kupitiwa na wahakiki kabla ya kupangwa kurasa. Kuangalia jarida lipi linaruhusu nini, tumieni tovuti ya Open Policy Finder ya shirika la Jisc, Uingereza, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la Sherpa Romeo. Waambieni wahadhiri watunze muswada huo. Wengi huufuta siku makala inapotoka.

Kuchagua programu

Kuna programu kadhaa nzuri, na kila moja ilizaliwa kwa kazi yake.

EPrints ilianzishwa Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000. Imeandikwa kwa Perl, hutumia MySQL, na ni nyepesi kwa seva ndogo. Invenio ilitengenezwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, na ndiyo inayoendesha Zenodo, hazina ya wazi ya kazi za utafiti. Dataverse ya Harvard inafaa kwa data za utafiti kuliko tasnifu. Omeka, kutoka Chuo Kikuu cha George Mason, inapendeza kwa makumbusho na mikusanyo ya picha. Greenstone, ya Chuo Kikuu cha Waikato huko New Zealand, iliwasaidia wengi enzi za kusambaza mikusanyo kwa CD. Koha si programu ya hazina. Ni ya kuendesha maktaba, kuazimisha vitabu na katalogi. Mnaihitaji, lakini kwa kazi nyingine.

DSpace ilitolewa mwaka 2002 na Maktaba za MIT zikishirikiana na maabara za Hewlett-Packard, na leo ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa hazina za vyuo. Ninaipendekeza kwa sababu moja inayozidi zote: majirani zenu wanaitumia. Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere, Sokoine kule Morogoro na Muhimbili wote wamejenga hazina zao kwa DSpace. Siku seva ikigoma, yupo mtu wa kupigiwa simu anayezungumza lugha yenu na anayejua mazingira ya umeme na intaneti ya kwetu. Hakuna mwongozo wa mtandaoni unaoshinda hilo.

Angalizo la matoleo: kuanzia DSpace 7, iliyotoka mwaka 2021, mambo yalibadilika mno. Sura ya mbele, yaani kile anachokiona msomaji, sasa ni programu inayojitegemea iliyojengwa kwa Angular. Injini ya nyuma ni ya Java. Zile sura za zamani, JSPUI na XMLUI, zimeondolewa. Toleo la 6 liliacha kupata matengenezo ya usalama mwaka 2023. Ukikutana na maelekezo yanayotaja XMLUI, yaache, yatakupoteza. Anza na toleo la 8 au jipya zaidi.

Kabla ya kuamua, ingieni demo.dspace.org. Ni DSpace ya majaribio iliyo wazi kwa kila mtu. Mkutubi akae humo siku mbili tatu, awasilishe rekodi za majaribio, afute, ajaribu tena.

Seva na jina la tovuti

Kwa chuo cha kawaida ningeanza na seva pepe yenye RAM ya GB 16 na vichakataji vinne, inayoendesha Ubuntu toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu). GB 8 inawezekana, ila itawasumbua wakati wa kujenga sura ya mbele, na tena siku roboti za mitandaoni zitakapovamia. Diski ya GB 200 inachukua tasnifu nyingi sana, kwa kuwa PDF nyingi hazizidi MB 5. Zilizoskaniwa ndizo nzito.

Seva iwekwe wapi? Kama chumba cha seva chuoni hakina UPS ya kuaminika wala jenereta, ulizeni mtandao wa elimu na utafiti wa nchi yenu: KENET kwa Kenya, TERNET kwa Tanzania, RENU kwa Uganda. Hao wapo kwa ajili ya vyuo, na kuwa nao ni salama kuliko kulipia huduma ya nje kwa kadi ya mfanyakazi mmoja, ambayo ikiisha muda hazina nzima inazimika.

Jina la tovuti liwe fupi na lisilo na jina la programu. Chagueni "repository" au "hazina" mbele ya kikoa cha chuo. "Dspace" muiache, kwa sababu siku mtakapohamia programu nyingine jina litakuwa uongo. Msitumie kamwe anwani ya IP, na msiweke namba ya mlango kama :8080 kwenye anwani anayopewa msomaji. Cheti cha HTTPS kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt.

Namba 123456789

Hapa naomba msome polepole.

Kila rekodi ndani ya DSpace hupewa namba ya kudumu iitwayo Handle. Ina sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: namba ya utangulizi, ambayo ni ya taasisi yenu peke yenu duniani, na namba ya rekodi. Msomaji akibofya hdl.handle.net ikifuatiwa na namba hizo, mfumo wa Handle unamwelekeza kwenye rekodi popote ilipo, hata kama mmehama seva au mmebadilisha jina la tovuti. Mwandishi aliyenukuu tasnifu yenu mwaka 2015 bado nukuu yake inafanya kazi.

Ila DSpace ikisakinishwa inakuja na namba ya utangulizi ya mfano, 123456789. Ni ya mfano tu. Haijasajiliwa kwa yeyote. Fungua hazina nyingi za Afrika, na nyingine nyingi za Asia, utaona anwani zikisomeka "/handle/123456789/472". Maana yake taasisi hiyo haikusajili. Ile anwani inayoonyeshwa kwenye ukurasa kama ya kudumu haifiki popote ukiipitisha hdl.handle.net. Wanafunzi wanainakili kwenye marejeleo yao, majarida yanaichapisha, na siku tovuti inapohama nukuu zote hizo zinakufa kwa pamoja.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usajili wa namba ya utangulizi ni dola 50 za Marekani, na kila mwaka dola 50 nyingine. DSpace ina amri ya kuandaa seva ya Handle. Amri hiyo hutengeneza faili liitwalo sitebndl.zip, ambalo mnalituma kwa Handle. Wakishawapa namba, iandikeni kwenye faili la config.dct mahali palipoandikwa YOUR_NAMING_AUTHORITY, na kwenye local.cfg kwenye handle.prefix. Mwambieni fundi wa mtandao afungue milango ya 2641 na 8000. Basi.

Kama hazina yenu tayari ina rekodi elfu kadhaa zenye 123456789, bado mnaweza kurekebisha. Chukueni chelezo kwanza, kisha:

`/dspace/bin/dspace update-handle-prefix 123456789 NAMBA_YENU`

Amri hiyo inabadilisha rekodi zote na inawauliza kabla ya kutekeleza. Baada yake wekeni kwenye seva ya wavuti uelekezaji wa anwani za zamani kwenda mpya, ili waliokwisha kunukuu wasipotee. Kama kuna jambo moja tu mtakalolichukua kwenye mwongozo huu, liwe hili: sajilini namba kabla ya rekodi ya kwanza, na ada ya mwaka iingizwe kwenye bajeti ya maktaba kama inavyoingizwa ada ya umeme.

Kusakinisha

Sehemu hii ni ya fundi. Mpangilio ni uleule kila mahali: hifadhidata, injini ya utafutaji, injini ya nyuma, sura ya mbele, halafu seva ya wavuti inayozipokea zote. Matoleo kamili ya kila kitu yasome kwenye nyaraka rasmi za toleo ulilochagua. Hapa nakupa njia.

Anza na vifaa na hifadhidata:

`sudo apt install openjdk-17-jdk maven ant git postgresql`
`sudo -u postgres createuser --no-superuser --pwprompt dspace`
`sudo -u postgres createdb --owner=dspace --encoding=UNICODE dspace`
`sudo -u postgres psql dspace -c "CREATE EXTENSION pgcrypto;"`

Mstari wa mwisho usiuruke. Bila pgcrypto uundaji wa majedwali unakwama.

Pakua Apache Solr, ndiyo injini ya utafutaji, na uiwashe, inasikiliza mlango wa 8983. Uufunge kwa nje, maana hakuna msomaji anayepaswa kuufikia. Kisha pakua msimbo wa DSpace, nakili local.cfg.EXAMPLE kuwa local.cfg, na ujaze mambo machache: dspace.dir, dspace.server.url, dspace.ui.url, dspace.name, anwani na nywila ya hifadhidata, solr.server, mail.server na handle.prefix. Baada ya hapo:

`mvn package`
`cd dspace/target/dspace-installer && ant fresh_install`
`/dspace/bin/dspace database migrate`
`/dspace/bin/dspace create-administrator`

Maven hupakua vipande vingi kutoka intaneti mara ya kwanza, kwa hiyo ifanye usiku kama mtandao wa chuo huelemewa mchana. Nakili mafaili ya Solr yaliyomo /dspace/solr kwenda kwenye configsets za Solr na uiwashe upya, weka programu ya "server" kwenye Tomcat (inayoendesha programu za wavuti za Java), kisha fungua anwani inayoishia na /server. Ukiona ukurasa wenye orodha ya viungo vya API, injini imewaka.

Sura ya mbele iko kwenye mradi wa dspace-angular na inahitaji Node.js. Mipangilio yake iko config/config.prod.yml, nayo inauliza jambo moja kubwa: injini ya nyuma iko wapi. Wakati wa kuijenga, kama inakufa katikati bila maelezo, ni RAM; ongeza kwa NODE_OPTIONS=--max-old-space-size=4096. Iendeshe chini ya PM2 ili ijiwashe yenyewe seva inapozimwa na kuwashwa.

Kosa linalowakuta karibu wote hapa ni ukurasa unaofunguka mtupu au kuingia kunakokataliwa kwa namba 403. Tazama dspace.ui.url ndani ya local.cfg. Lazima ilingane herufi kwa herufi na anwani inayoonekana kwenye kivinjari: kama ni https iandikwe https, kama haina mkwaju mwishoni usiuweke. Injini hukataa ombi lolote linalotoka kwenye anwani isiyoitambua.

Jaribu na barua pepe kwa `dspace test-email`. Bila barua pepe, mwasilishaji hapati taarifa na mkaguzi hajui kwamba kuna kazi inamsubiri.

Je, sura iwe kwa Kiswahili? Maneno yote ya sura ya mbele yako kwenye src/assets/i18n, faili moja kwa kila lugha, na la Kiswahili ni sw.json5. Chukueni muda mtafsiri vizuri yale yanayoonekana zaidi: kutafuta, kupakua, kuwasilisha, kuingia. Kisha rudisheni tafsiri yenu kwenye mradi wa DSpace ili vyuo vingine navyo vifaidi. Huo ndio uhuria wenyewe.

Kupanga jumuiya na mikusanyo

DSpace hupanga kazi kwa ngazi: jumuiya, jumuiya ndogo, mkusanyo, kisha rekodi yenye mafaili yake. Kishawishi ni kunakili muundo wa utawala wa chuo mpaka idara ya mwisho. Idara hubadilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na Idara ya Kiswahili. Mwaka 2009 zikaunganishwa kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Ngazi mbili zinatosha: ndaki au shule, kisha aina ya kazi. Idara iandikwe kwenye metadata ambako inaweza kutafutwa.

Metadata, ambako kazi halisi iko

Rekodi huelezwa kwa Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kuandika metadata, na sehemu muhimu kwa tasnifu hazifiki kumi na tano. Tatizo ni namna zinavyojazwa. Haya ndiyo ninayoyakuta mara kwa mara.

Mwaka. dc.date.issued ni mwaka tasnifu ilipokubaliwa. Tarehe ya kuingizwa kwenye mfumo DSpace huiandika yenyewe mahali pengine. Anayeingiza haraka huandika mwaka wa leo, na tasnifu ya 1987 kuhusu kilimo cha mkonge inajitokeza mbele ya watafiti kama kazi mpya.

Lugha. Fomu isiporekebishwa, kila kitu huishia kuitwa Kiingereza. Tasnifu ya fasihi iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu jalada hadi marejeleo inapotea machoni pa anayechuja kwa lugha. Weka "sw" kwenye dc.language.iso, na uihakikishe Kiswahili ipo kwenye orodha ya kuchagua.

Kichwa cha kazi. Jalada la tasnifu huwa na herufi kubwa tupu, na mtu hunakili vilevile. Andika kwa herufi za kawaida. Kama mwanafunzi ameweka kichwa kwa lugha mbili, cha pili kiende dc.title.alternative.

Ikisiri. Kama zipo mbili, weka zote mbili, kila moja kwenye mstari wake. Mtu anayetafuta "ukame" na mwingine anayetafuta kwa Kiingereza wote wawili wafike kwenye kazi ileile.

Majina. Hapa pana ugumu wa kwetu. DSpace inataka jina la ukoo, mkato, kisha majina mengine. Lakini wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na jina la mwisho si lazima liwe la ukoo. Mtu huyohuyo kwenye tasnifu ameandika majina matatu, kwenye makala mawili, na kwenye ripoti ameweka kifupisho. Matokeo yake mhadhiri mmoja anakuwa watu watatu kwenye orodha ya waandishi. Kubalianeni kanuni moja: jina la mwisho kama lilivyo kwenye cheti ndilo linatangulia, mengine yaandikwe kwa ukamilifu. Wahadhiri wajisajili ORCID, wanakopewa namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, na namba hiyo iunganishwe na jina.

Msimamizi wa tasnifu aende dc.contributor.advisor, asichanganywe na mwandishi. Nimeona hazina ambazo profesa anaonekana ameandika tasnifu arobaini.

Baada ya kuingiza rekodi mia za mwanzo, pakueni metadata yote kwa CSV (faili la jedwali), mkaifungue kwenye LibreOffice, na mpange kwa safu: kwanza kwa mwandishi, kisha mwaka, kisha lugha. Makosa yatajitokeza yenyewe. Rekebisheni humohumo na mrudishe CSV kwenye mfumo. DSpace inawaonyesha kila badiliko kabla ya kulikubali. Mahali penye thamani zaidi ya moja, tenganisheni kwa alama ||.

Tasnifu za zamani zilizo kwenye karatasi

Skani kwa dpi 300. Karatasi iliyopigwa kwa taipureta na kufifia inastahili rangi za kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu. Picha ya ukurasa pekee haitafutiki, kwa hiyo itambuliwe maandishi. Tesseract ni programu huria na ina data ya Kiswahili. OCRmyPDF inaitumia kuweka maandishi chini ya picha na kutoa PDF/A, muundo uliokusudiwa kwa hifadhi ya muda mrefu:

`ocrmypdf -l swa+eng --rotate-pages --deskew ghafi.pdf safi.pdf`

Lugha zote mbili ziandikwe, kwa sababu tasnifu zetu huchanganya. Kisha DSpace ifanyiwe `dspace filter-media`, amri inayochota maandishi kutoka kwenye PDF ili utafutaji ufike mpaka ndani ya kurasa. PDF yenye nywila haichotwi. Iondoeni nywila kwanza.

Angalieni ukurasa wa tamko. Huwa na saini za mwanafunzi na wasimamizi, na mara nyingine namba za simu. Saini halisi haipaswi kuwa wazi mtandaoni. Hifadhini nakala kamili kwenye faili lililofungwa, na faili la wasomaji liwe bila ukurasa huo au saini zifunikwe. Vivyo hivyo viambatisho vyenye majina ya waliohojiwa au taarifa za wagonjwa. DSpace inaruhusu kufunga faili moja huku mengine ya rekodi ileile yakibaki wazi, na kuweka tarehe ya kulifungua.

Kwa mamia ya kazi msiziingize moja moja kwa fomu. Kuna muundo wa kuingiza kwa mkupuo: folda moja kwa kila kazi, ndani yake faili la dublin_core.xml, faili la contents linaloorodhesha mafaili, na PDF yenyewe. Fundi anaweza kuzizalisha kutoka kwenye CSV ya mkutubi, kisha `dspace import` inazimeza zote.

Kuonekana

Hazina isiyofikiwa na injini za utafutaji ni rafu nyingine tu. Hakikisheni ramani ya tovuti inatengenezwa kila siku, na isajilini Google Search Console. Google Scholar husoma alama maalumu ambazo DSpace huziweka kwenye kila ukurasa wa rekodi, ilimradi mwandishi, kichwa na mwaka vimejazwa.

Kisha OAI-PMH, itifaki inayoruhusu wakusanyaji kama BASE wa Bielefeld na CORE wa Uingereza kuvuna metadata yenu. Ijaribu kwa kufungua anwani ya injini ikifuatiwa na:

`/server/oai/request?verb=Identify`

Ikijibu kwa jina la hazina yenu na barua pepe sahihi ya msimamizi, sajilini OpenDOAR, saraka ya hazina za dunia. Barua pepe hiyo iwe ya ofisi, isiwe ya mtu atakayehama.

Roboti za kukusanya data zimekuwa mzigo mkubwa kwa hazina. Wekeni kikomo cha maombi kwenye seva ya wavuti, kwa mfano nginx, hasa kwa kurasa za utafutaji na vichujio, lakini msifunge kila roboti, mtajifungia na Google Scholar.

Chelezo

Mafaili ya DSpace hukaa kwenye folda ya assetstore. Ingia humo uone: folda ndani ya folda zenye majina ya namba, na mafaili yenye tarakimu ndefu, bila kichwa, bila mwandishi, bila hata kiishio cha .pdf. Majina yote yako kwenye hifadhidata. Kwa hiyo anayenakili assetstore pekee amehifadhi lundo lisilotambulika, na anayenakili hifadhidata pekee amehifadhi orodha ya vitabu visivyokuwepo. Viwili hivyo vichukuliwe pamoja kila usiku: pg_dump kwa hifadhidata, rsync kwa assetstore, na local.cfg iambatane navyo.

Kuna cha tatu ambacho husahaulika mpaka kimepotea: takwimu za usomaji. Hizo haziko kwenye hifadhidata, ziko ndani ya Solr. Zitolewe kwa amri ya `solr-export-statistics`, angalau kila mwezi. Mkuu wa chuo atakapouliza tasnifu zimepakuliwa mara ngapi tangu mwanzo, mtahitaji miaka yote, siyo tangu seva ilipobadilishwa.

Nakala moja iwe nje ya jengo, kwa mfano kwenye seva ya mtandao wa elimu wa nchi. Na kila muhula fundi achukue mashine tupu, arejeshe chelezo ya jana, na mkutubi afungue rekodi tano za miaka tofauti: PDF zifunguke, majina yasomeke, utafutaji ufanye kazi. Amri zote alizotumia aziandike hatua kwa hatua kwenye waraka unaokaa maktaba, na muhula unaofuata zoezi hilo alifanye mtu mwingine kwa kufuata waraka huo peke yake.